Kinywa Kikavu: Mawimbi ya Sauti Yanapochungulia Tezi za Mate

Mtu mwenye siha njema huyameza mate yake mchana kutwa bila kuyafikiria. Thamani yake huijua siku yanapokauka. Hapo ugali hukataa kushuka bila maji, ulimi hunata kaakaani, sauti hukwama katikati ya mazungumzo, na meno yaliyokuwa mazima huanza kuoza moja baada ya jingine.

Mtu mzima hutoa kiasi cha nusu lita hadi lita moja na nusu ya mate kila siku. Mate hayo hulainisha chakula, huanza kazi ya kusaga wanga, huosha meno na kuzuia vijidudu visistawi kinywani. Mengi hutoka katika jozi tatu za tezi: zilizo mbele ya masikio, pale panapovimba mtoto anapougua matubwitubwi, zilizo chini ya taya, na zilizo chini ya ulimi. Aidha, zipo tezi ndogo mamia kadhaa zilizotawanyika ndani ya midomo na mashavu.

ADUI WA NDANI

Sababu za kinywa kukauka ni nyingi. Zipo dawa za shinikizo la damu, za mzio na za sonona zinazopunguza mate. Upo ugonjwa wa kisukari. Ipo pia mionzi ya kutibu saratani za kichwa na shingo. Lakini ipo sababu nyingine ambayo wahenga ni kama waliiona walipotuambia kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kuzishambulia tezi za mate na za machozi. Chembe nyeupe za damu hujazana ndani ya tezi, nazo tezi hudhoofika polepole.

Ugonjwa huo huitwa Sjögren, kwa jina la daktari wa macho wa Uswidi, Henrik Sjögren. Mwaka 1933 daktari huyo alichapisha tasnifu juu ya wanawake 19 waliokuwa na macho makavu, na 13 kati yao waliugua viungo pia. Hata leo, katika kila wagonjwa kumi, kiasi cha tisa ni wanawake, na wengi ni wa umri wa makamo. Ugonjwa huu huweza kuja peke yake, au ukaandamana na baridi yabisi au ugonjwa wa lupasi.

Tatizo kubwa ni kwamba mgonjwa haonekani mgonjwa. Macho humwasha kana kwamba yameingia mchanga, viungo humuuma, na uchovu humwelemea tangu asubuhi. Majirani husema ni uvivu; pengine hata watu wa nyumbani mwake husema hivyo. Miaka hupita kabla hajapata jina la maradhi yake.

CHOMBO WAKIJUACHO AKINA MAMA

Akina mama waliopata kwenda kliniki ya wajawazito wengi wanakijua kipimo cha ultrasaundi. Mafuta mazito ya baridi hupakwa tumboni, kifaa hupitishwa juu yake, na picha ya mtoto hutokea kwenye kioo. Kipimo hicho hutumia sauti tusiyoweza kuisikia. Sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, ilhali kifaa cha kupimia tezi za mate hutuma mitetemo mamilioni kwa sekunde. Sauti huingia mwilini, hugonga nyama na kurudi kama mwangwi, nayo mashine huugeuza mwangwi kuwa picha. Ndivyo popo naye anavyoruka usiku bila kujigonga ukutani. Mwaka 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow, huko Uskoti, walichapisha picha za namna hiyo za matumbo ya wanawake. Mwaka 1992 wataalamu wa Italia, akiwamo Salvatore De Vita, walieleza namna ya kupima kwa madaraja tezi za mate za wagonjwa wa Sjögren.

Kipimo hakina sindano, hakichomi wala hakitumii mionzi ya eksirei. Mgonjwa hulala chali, akageuza shingo, na kifaa kikapitishwa mbele ya masikio na chini ya taya, pande zote mbili. Tezi nzima huonekana laini na sawasawa, mithili ya uji uliokorogwa vema. Tezi iliyoshambuliwa hujaa madoa meusi ya mviringo, mithili ya sega la nyuki. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilichapisha madaraja ya kuisoma picha hiyo, kuanzia 0, yaani tezi salama, hadi 3, yaani tezi iliyoharibika kote.

PICHA HAIMALIZI SHAURI

Hata hivyo, yafaa tuelewe mipaka ya chombo hiki. Picha huonyesha umbo la tezi, haihesabu mate. Ili kujua tezi inafanya kazi kiasi gani, mgonjwa hutema mate kikombeni kwa dakika 15 bila kutafuna kitu. Yasipozidi mililita moja na nusu, huhesabiwa kuwa machache mno. Watafiti wamejaribu pia kuitazama tezi ikiwa kazini: maji ya limau hutiwa kinywani, kisha ultrasaundi hupima damu inavyoongezeka kasi katika mshipa wa tezi. Tezi nzima huitikia kwa nguvu, na iliyoharibika huitikia kwa unyonge.

Zaidi ya hayo, virusi vya UKIMWI na maradhi mengine kadhaa huweza kuzivimbisha tezi na kuleta picha zinazofanana. Ndiyo maana kanuni zilizotolewa mwaka 2016 na vyama vya wataalamu wa baridi yabisi vya Marekani na Ulaya zilitia uzito mkubwa katika mambo mawili: kingamwili za damu ziitwazo anti-Ro, na kipande kidogo kinachokatwa ndani ya mdomo wa chini na kutazamwa kwa hadubini. Ultrasaundi humwonyesha daktari njia; hukumu hutolewa kwa ushahidi wote pamoja.

FAIDA KWA FAMILIA

Kuna faida gani kuujua ugonjwa usio na dawa ya kuumaliza? Ipo, tena kubwa. Kwanza, meno yaweza kuokolewa. Pili, mama mwenye kingamwili za anti-Ro aweza kuangaliwa kwa makini akiwa mjamzito, maana kiasi cha mama mmoja au wawili katika 100 hupata mtoto ambaye mapigo ya moyo wake yameathirika tangu tumboni. Tatu, wagonjwa wachache hupata saratani ya chembe za limfu; kwa hiyo tezi inayobaki imevimba na kuwa ngumu haina budi kuchunguzwa upesi.

Nyumbani, mgonjwa na anywe maji kidogo kidogo mara kwa mara, apunguze sukari, aache tumbaku, na apige mswaki kwa dawa yenye floraidi. Daktari aweza kumwandikia machozi ya kutengenezwa, au dawa ya pilokapini ya kuamsha mate. Wala mtu asiache dawa zake za shinikizo la damu kwa kudhani ndizo zilizomkausha. Amuulize kwanza aliyemwandikia.

Ndugu msomaji, ikiwa kinywa chako, au cha mama au dada yako, kimekuwa kikavu kila siku kwa zaidi ya miezi mitatu, usingoje meno yaishe. Nenda kwa daktari, mweleze pia habari za macho na viungo, na umuulize kama tezi za mate zinaweza kupimwa. Nanyi mnaoishi na mgonjwa wa namna hii, msimwite mvivu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na wengi huyaficha kwa sababu walipoyasema, hapakuwa na aliyewasikiliza.