Njia za Ikonge zinavyopima buti la pikipiki

Mvua ikinyesha usiku kucha Ikonge, asubuhi utajifunza mengi ukitazama miguu ya waendeshaji bodaboda waliojipanga steji. Kichwani wengi wana helmeti. Kifuani jaketi la riflekta limechakaa, lakini lipo. Miguuni ndiko kila mtu na lake: gambuti za kuchumia majani chai, raba za mtumba zilizoanza kuachama, akala, na hata malapa ya bafuni yaliyovaliwa juu ya soksi. Pikipiki zinawashwa na kazi inaanza.

Sheria nayo imechangia hali hii. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya Kenya ya mwaka 2012 yalipomtaka mwendeshaji avae vifaa vya kujikinga, vilivyotajwa ni helmeti na jaketi lenye riflekta. Polisi hukagua hivyo viwili. Mwanasiasa akitaka kuwapendeza vijana wa steji, hugawa hivyo viwili. Kichwa kinastahili kutangulia, sibishi. Lakini mguu umeachwa peke yake, ilhali pikipiki inapoanguka ndio unaotangulia kufika chini. Katika wadi za mifupa kote Afrika Mashariki, muundi uliovunjika na kifundo cha mguu kilichopondeka ni mambo ya kila wiki, na walioletwa kutoka kwenye pikipiki hawahesabiki.

Ikonge iko Mugirango Kaskazini, Kaunti ya Nyamira, kwenye vilima vya majani chai na ndizi ambako mvua haiendi likizo ndefu. Ukitoka barabarani kuelekea vijijini, upande wa Ekerenyo au Magwagwa, murramu inaanza, kisha udongo mwekundu, kisha mteremko. Hapo mwendeshaji huitoa miguu yote miwili kwenye vikanyagio na kuteremka akiisukuma ardhi kushoto na kulia, kama mvuvi anayepiga kasia. Pikipiki anayoizuia ina zaidi ya kilo 100 hata kabla ya kupakia abiria na gunia. Tairi likiteleza, uzito wote huo unautafuta mguu mmoja uliotua vibaya juu ya jiwe. Mwendo wenyewe huenda haukufika kilomita 15 kwa saa, lakini kifundo kimeshapinduka.

Kuna hatari nyingine zisizohitaji ajali kubwa. Ekzosti ya moto iko karibu na mguu wa kulia. Vidole vya mguu wa kushoto hugusa gia mchana kutwa mpaka sehemu ya juu ya kiatu inatoboka. Na pikipiki ikilalia ubavu, mguu hubanwa kati ya injini na ardhi, ukiminywa kutoka pembeni. Mtu akinunua kiatu kwa kutazama ugumu wa pua yake tu, amejikinga na jiwe linaloanguka kutoka juu, na bado hajajikinga na pikipiki yake mwenyewe.

Watu wamejua jambo hili kwa muda mrefu. Kaskazini mwa Italia, kwenye miji ya Asolo na Montebelluna, mafundi waliozoea kushona viatu vya kupandia milima waligeukia mabuti ya pikipiki. Kampuni ya Alpinestars ilianzishwa huko Asolo mwaka 1963 na Sante Mazzarolo, naye alianza kwa viatu vya milimani kabla ya mashindano ya pikipiki za matopeni kumpa soko jipya. Sidi na Gaerne nazo zimetoka eneo hilohilo. Leo Ulaya ina kipimo chake cha viatu vya pikipiki, EN 13634, na buti lililofaulu huwa na lebo ndogo ndani, yenye alama ya CE, picha ya mtu aliyepanda pikipiki, na tarakimu kadhaa mfululizo, kila moja ikiwa 1 au 2. Ya kwanza hueleza urefu wa buti. Zinazofuata hueleza linavyostahimili kusuguliwa na lami, kukatwa, na kuminywa kutoka ubavuni. 2 ni bora kuliko 1. Zikiongezwa herufi WR, buti limepimwa kwa maji, na IPA ina maana kwamba kinga ya kifundo nayo imepimwa. Anayejua kusoma lebo hiyo hadanganywi na rangi wala jina kubwa lililochapwa pembeni.

Mabuti yenyewe hayafanani. Ya mashindano ya lami yana plastiki ngumu kila upande, na aliyeyavaa hutembea kwa shida. Ya mashindano ya matopeni hufika karibu na goti na ni magumu kupindisha. Kati yake kuna buti la safari ndefu, ambalo waendeshaji wa Nairobi wanaopenda kuzuru nchi wikendi hulitafuta: ngozi inayofika katikati ya muundi, kinga pande zote mbili za kifundo, soli isiyopindika kwa ubavu, na bado mtu anaweza kushuka akanywa chai hotelini bila kuchechemea. Safari ya kuja huku Gusii inaeleza kwa nini. Unatoka Nairobi na baridi ya Limuru, unateremka Mai Mahiu, jua la Bonde la Ufa linakuchoma mpaka Narok, unapita Bomet, na ukifika Sotik alasiri mvua inakusubiri. Ni zaidi ya kilomita 300, na mguu umepitia hali tatu za hewa kwa siku moja. Kiatu kisichopumua kimekupikia vidole Narok, na kisichozuia maji kimekugandisha kabla ya Keroka.

Sasa, bodaboda wa Ikonge hafanyi utalii. Lakini ukihesabu saa anazokaa juu ya pikipiki kwa wiki, anawapita hao wa wikendi kwa mbali, na mara kwa mara anashuka kubeba gunia la mahindi, kusukuma pikipiki kwenye tope, au kumfikisha mama mjamzito mlangoni. Ndiyo maana nasema yeye ndiye hasa anayehitaji buti lililobuniwa kwa safari ndefu: linalolinda na linalotembeleka. Starehe kwake si anasa. Buti linalobana atalivaa Jumatatu, Jumanne atalisukuma chini ya kitanda, na siku ya kuanguka atakuwa na malapa.

Gambuti inapendwa kwa sababu ya kweli. Ni ya bei nafuu, huoshwa kwa maji ya bomba, na kwenye shamba la majani chai asubuhi yenye umande hakuna mpinzani wake. Juu ya pikipiki ina kasoro tatu nisizoweza kuzifumbia macho. Kwanza, ni pana, kwa hiyo ajalini huchomoka na kumwacha mtu pekupeku wakati anaohitaji kiatu zaidi. Pili, pale kwenye kifundo hakuna chochote ila mpira laini, nao ukigusa ekzosti huyeyuka na kunata. Tatu, ubapa wake humnyima mwendeshaji hisia ya breki ya nyuma, na pikipiki nyingi za huku hutegemea sana breki hiyo kwenye mteremko. Anayelazimika kuivaa achague inayomkaa sawasawa, avae soksi nene, na asinunue kubwa eti apate kuivua haraka.

Raba ni nyepesi na ina hisia nzuri ya gia, lakini kitambaa chake hakidumu kikiburutwa kwenye lami, na kifundo kiko wazi. Akala imevaliwa na wenye miguu imara kuliko wengi wetu, ila vidole viko nje.

Kwa mfuko wa kawaida, njia ya katikati ninayoipendekeza ni buti la kazi, lile ambalo maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Kisii huliita sefti buti. Likiwa limetimiza kipimo cha EN ISO 20345, pua yake hustahimili pigo la jouli 200, ambalo ni sawa na chuma cha kilo 20 kudondoka kutoka urefu wa mita moja hivi. Soli yake haitelezi kirahisi kwenye mafuta, na ngozi yake ni nene. Chagua lililopanda juu ya kifundo, wala si lile fupi. Hakikisha lina kisigino kilichojitokeza, kwa sababu kisigino ndicho kinachouzuia mguu kuteleza mbele ukiwa juu ya kikanyagio. Kumbuka tu kwamba buti hilo halikupimwa kwa kuminywa kutoka ubavuni wala kwa kuburutwa barabarani. Pua yake nene pia inaweza kugoma kuingia chini ya gia. Hapa pikipiki aina ya Boxer ina faida: gia yake ina pande mbili, unaweza kuikanyaga mbele kwa vidole au nyuma kwa kisigino, kwa hiyo buti la pua nene halisumbui kama linavyosumbua kwenye pikipiki kubwa ya michezo ambayo gia yake lazima inyanyuliwe kwa vidole. Kamba nazo uzifunge fupi, kisha uzichomeke ndani. Kamba ndefu iliyonasa kwenye gia humzuia mtu kutoa mguu pikipiki inaposimama, akaanguka akiwa hapo hapo.

Mabuti halisi ya pikipiki yakiwa mapya yanagharimu makumi ya maelfu ya shilingi, na sitamwambia baba wa watoto wanne akayanunue. Lakini mtumba huyaleta. Kwenye marobota yanayofunguliwa Daraja Mbili mjini Kisii, mara mojamoja hutokea jozi iliyotoka Ulaya, na mara nyingi muuzaji mwenyewe hajui ameshika nini. Hapo ujuzi unalipa.

Shika kisigino kwa mkono mmoja na pua kwa mwingine, kisha ujaribu kulikamua buti kama nguo iliyofuliwa. Likijipinda kirahisi, mguu wako nao utapindwa hivyo hivyo. Liminye soli ubavuni, pale penye upana. Papasa ndani kwenye kifundo, upande wa ndani na wa nje, utafute kisahani kigumu kilichoshonewa chini ya ngozi. Fungua zipu mpaka chini na uifunge tena, maana zipu iliyokufa inaweza kugharimu zaidi ya unavyodhani. Kisha pindisha pua mara kadhaa ukitazama mahali soli inapokutana na ngozi. Jambo hili la mwisho linahitaji subira, kwa sababu soli nyingi za siku hizi zina poliurethani, na poliurethani huoza polepole kwa unyevu wa hewa hata buti likiwa limekaa kabatini bila kuvaliwa. Buti linang'aa kama jipya, unalivaa siku mbili, soli inavunjika vipande kama mkate mkavu. Bonyeza kwa kucha. Ukiona nyufa au unga, rudisha.

Jaribu kuvaa jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa kazi ya siku, ukiwa na soksi utakazovaa safarini. Kisigino kisinyanyuke unapotembea, na vidole viweze kuchezacheza. Lebo za Ulaya zisikuchanganye: 42 ni takriban namba 8 tuliyoizoea hapa. Kisha ukae juu ya pikipiki yako, si ya mwenzako. Weka mguu kwenye breki, kisha kwenye gia, kisha ukanyage chini kama unayesimama kwenye mlima. Buti lisilokubali mambo hayo matatu halikufai hata likiwa limetoka Asolo.

Ngozi haipendi haraka. Ikiloa, wengi huiegemeza karibu na jiko ili iwe tayari asubuhi, nayo hukauka, hukakamaa na kupasuka kwenye mikunjo. Jaza magazeti ya zamani ndani, uyabadilishe kabla ya kulala, na uache upepo ufanye kazi. Wiki mara moja paka kiwi au mafuta ya ngozi, hasa kwenye mishono. Fundi viatu anayejua kazi atakushonea kipande cha ngozi juu ya vidole vya kushoto kabla gia haijatoboa, na kipande hicho kidogo huongeza umri wa buti kwa muda mrefu.

Vyama vya steji ndiyo matumaini yangu makubwa. Waendeshaji tayari huchangiana kila wiki kwa matanga, matibabu na karo. Zamu moja ya mchango ikielekezwa kwenye mabuti, kila juma mwanachama mmoja akapata jozi, steji ya watu 20 itakuwa imevaa yote kabla ya nusu mwaka kuisha. Mwenye mguu uliovunjika hukaa miezi bila kupanda pikipiki, mkopo ukiendelea kudai. Viongozi wa vyama hivyo wanazijua hesabu hizo kuliko mimi, kwa sababu wao ndio wanaopitisha kofia ya mchango hospitalini.

Abiria naye ana miguu. Mama anayepanda na kurudi nyumbani na duara la moto kwenye shavu la mguu, mwendeshaji hakumwonyesha upande wa kupandia. Aliyeungua apoze kidonda kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, na dawa ya meno ibaki kwenye mswaki. Kibaya zaidi ni mtoto wa shule ambaye kisigino chake kinaingia kwenye spoku za gurudumu la nyuma. India, ambako nyingi kati ya pikipiki zetu zimebuniwa, kanuni za magari za mwaka 1989 zinataka gurudumu la nyuma lifunikwe angalau nusu ili nguo ya abiria isinaswe, na ndiyo maana Boxer nyingi huja na wavu wa chuma upande wa kushoto. Huku kwetu wavu huo mara nyingi hufunguliwa siku ya kwanza ili kupisha keria ya mizigo, ukatupwa kwenye kona ya karakana. Kuurudisha ni kazi ya bolti chache, na kuna fundi karibu na kila steji.