Ufukara ulivyomtoa jenerali katika ukoo wa wakulima

JINA Eisenhower linapotajwa, wengi humkumbuka jenerali Mmarekani aliyeongoza majeshi ya Washirika kuvamia Normandy, Ufaransa, mnamo Juni 6, 1944, ili kuishinda Ujerumani ya Hitler. Wasilolijua wengi ni kuwa asili yake ilikuwa huko huko Ujerumani.

Mnamo 1741, Hans Nicholas Eisenhauer aliwasili Philadelphia pamoja na jamaa zake, akalowea Pennsylvania. Baadaye kizazi chake kilijiunga na River Brethren, dhehebu la Kikristo lililopinga vita.

Kitukuu wake, Jacob, alikuwa mkulima na mhubiri. Mwaka 1878 alihamia Kansas na waumini wenzake kutafuta ardhi. Kila mtoto wake alipofunga ndoa, alimtunukia ekari 160 na dola 2,000.

Hata hivyo, mwanawe David hakupenda jembe. Aliweka shamba lake rehani, akafungua duka katika mji wa Hope, lakini biashara hiyo haikudumu. Alikwenda Texas kufanya kazi ya reli, na huko ndiko Dwight alikozaliwa mwaka 1890. Familia ilirejea Kansas, David akaajiriwa katika kiwanda cha maziwa.

Shamba halikuwapo tena, wala karo. Chuo cha kijeshi cha West Point kilisomesha bila malipo, na Dwight akajiunga nacho mwaka 1911. Mamake, aliyechukia vita, alihuzunika lakini hakumzuia.

Hivyo ndivyo ukoo wa wakulima wapenda amani ulivyoipa Marekani jemadari, na kuanzia 1953 hadi 1961, rais.