Mtoto ameanza tena kukojoa kitandani: jinsi korona ilivyowagusa watoto wadogo

Shule zilifungwa mwezi Machi 2020. Julai 7 mwaka huo, aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, akatangaza kwamba shule za msingi na za sekondari hazitafunguliwa hadi Januari 2021. Wakati huo tuliulizwa mengi kuhusu masomo, lakini swali lililorudi zaidi lilikuwa la wazazi wa watoto wadogo: mtoto wa miaka mitano, aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani, ameanza tena. Je, achapwe?

Hapana, asichapwe.

Mtoto wa umri huo hana maneno ya kusema kwamba ana wasiwasi. Wasiwasi wake huonekana mwilini na katika tabia. Hung'ang'ania leso ya mama hata mama akienda chooni. Huamka usiku akilia, husema tumbo linauma, huwapiga wadogo zake. Au hurudia mambo aliyokwisha kuyaacha: kunyonya kidole, kuongea kitoto, kukojoa kitandani. Hafanyi makusudi. Mwili wake umekaa kama wa mtu aliyeambiwa kuna nyoka ndani ya nyumba, na kiboko kinamwongezea hofu ileile inayomsumbua.

Hofu hiyo anaitoa wapi, naye hata habari haelewi? Anazisoma nyuso zetu. Baba amerudi kutoka Nairobi bila kazi, na haongei. Mama anapima unga mara mbili. Jirani amezikwa upesi na watu waliovaa mavazi meupe kutoka kichwani hadi miguuni, na watu hawakukesha. Nyanya aliyekuwa akimpakata sasa anakaa mbali. Mtoto huviunganisha vipande hivi peke yake, na mara nyingi jibu analolipata ni baya kuliko ukweli: baba amekasirika kwa sababu yangu, nyanya hanipendi tena.

Kwa hiyo mwambieni ukweli, kwa maneno machache. "Kuna ugonjwa unaoambukiza. Tunanawa mikono na tunavaa barakoa ili tusiupate. Nyanya anakupenda, tunamkinga. Baba amehuzunika kwa sababu kazi imekwisha, si kwa sababu yako." Atauliza tena kesho na keshokutwa. Mjibuni vilevile.

Na tuache kumtisha kwa korona. "Usipolala utapelekwa karantini" humfanya anyamaze usiku mmoja, kisha humkosesha usingizi wiki nzima.

Msishtuke pia mkiwakuta watoto wakicheza mazishi, mmoja amejifunika gunia jeupe na wengine wanakimbia. Mchezo ndio njia yao ya kuielewa hofu. Waacheni wacheze, kisha waulizeni taratibu mchezo unahusu nini.

Kinachomtuliza mtoto mdogo zaidi ni kujua kitakachofuata. Shule humpa mpangilio huo; ikifungwa, nyumba impe: kuamka saa ileile, kuokota mayai, kula, kucheza, kuoga, hadithi, kulala. Kazi ndogo aliyopewa iwe yake kweli. Na ingawa sisi ni redio na hatupendi kusema hivi, habari za vifo zikianza naye yupo karibu, izimeni. Mtatusikia baadaye.

Lakini mzazi aliyelemewa hawezi kumtuliza mtoto. Ukihisi mkono unataka kuinuka, mwache mtoto mahali salama, toka nje, vuta pumzi polepole mara kadhaa, ndipo urudi. Ukiwa umeshamfokea, mwombe msamaha. Heshima yako haipungui. Akina baba mliorudi nyumbani, robo saa ya kukaa na mtoto kila jioni haihitaji pesa, na inampa mama nafasi ya kupumua. Mama naye atafute mtu wa kuzungumza naye, hata kama ni jirani wa ng'ambo ya ua.

Mtoto akihisi maumivu anapokojoa au akiwa na homa, mpelekeni zahanati, kwani huenda ni ugonjwa. Mpelekeni pia akikataa kula au kuongea kwa wiki kadhaa. Na akianza ghafla kumwogopa mtu fulani, msimlazimishe kumsalimia wala kubaki naye. Msikilizeni, kisha pigeni simu 116, nambari ya kuwasaidia watoto. Kupiga ni bure.