UTA NA MSHALE WAKE

Uta, ambao Wamijikenda huuita uha, si kijiti kilichopindwa kikatiwa kamba. Ni chombo, na chombo hutaka kupatanishwa. Kijana wa leo wa Diani au Msambweni yumkini huujua kuwa ni pambo la kuuziwa watalii. Wazee wake waliujua kuwa ni kitoweo cha nyumba.

Kazi ya kwanza ni mti. Mkone hupendwa kwa kuwa hupindika bila kuvunjika upesi. Ukishachongwa na kukauka kivulini, fundi huutia upote na kuuvuta kidogo kidogo, akitazama mikono yake miwili. Mkono ulio mgumu kuliko mwenziwe hukwanguliwa upande wa tumboni mpaka yote miwili ipinde sawa. Akizidisha kukwangua, hapana dawa tena.

Kisha upote. Ukiwa mrefu mno, hulala karibu na mti na kumchapa mpigaji mkononi. Ukiwa mfupi mno, uta huchoka na waweza kuvunjika. Fundi huuzidisha msokoto au kuupunguza mpaka ukae mahali pake.

Lakini wengi hudhani mshale wowote wafaa uta wowote. Sivyo. Mshale ukiachiwa, upote huusukuma kwa kishindo. Wano hupinda, likauambaa mti wa uta, kisha likajinyoosha hewani. Wano laini mno kwa uta mkali hupinda kupita kiasi. Lililo gumu mno halipindi vya kutosha. Yote mawili huenda kombo. Lililo laini hupunguzwa urefu au hutiwa kigumba chepesi. Lililo gumu hukwanguliwa. Waata wa Tsavo, mabingwa wa kuwinda ndovu, nyuta zao zilitaka mvuto wa ratili 100 na zaidi. Mshale wa uta wa mtoto haungestahimili hapo.

Kwetu Waislamu jambo hili lina uzito zaidi. Katika Hadithi aliyoipokea Bukhari, Adi bin Hatim alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya mawindo ya mshale usio na manyoya. Akajibiwa kuwa kilichochomwa kwa ncha huliwa, na kilichouawa kwa kupigwa na ubavu wake hakiliwi. Basi mwindaji aliyetaja jina la Mwenyezi Mungu, lakini mshale wake ukaenda ukiyumba na kuua kwa ubavu, alirudi nyumbani na nyama isiyolika, ila awe amewahi kumchinja mnyama angali hai.

Vilima vya Shimba vilifanywa hifadhi mwaka 1968, na uwindaji ukapigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Hatusemi vijana wavunje sheria. Lakini kulenga gunia la majani hakudhuru mnyama, na kuchonga uta ni elimu. Mwenye babu ajuaye kazi hii na amwendee sasa, akaketi naye kivulini na kisu mkononi. Asipokwenda, uta utabakia, lakini hapatakuwa na ajuaye mshale upi ni wake.