Kidonge Kile Kile, Mwili Mwingine

Diazepamu, ambayo wengi huijua kwa jina la Valium, imo sokoni tangu 1963. Hutuliza wasiwasi, hulegeza misuli na kuleta usingizi. Kwa kijana, nusu ya dozi hutoka damuni kwa takriban siku moja. Kwa mtu wa miaka 80 huweza kuchukua siku tatu na ushei. Uzeeni mafuta huongezeka mwilini na maji hupungua, na dawa hii hujificha kwenye mafuta huku ini likiivunja polepole. Mzee anayemeza kidonge kila usiku humeza cha leo wakati cha juzi bado kimo.

Matokeo huonekana usiku wa manane. Anaamka kwenda msalani, anapapasa ukuta, magoti yanalegea, anaanguka na kuvunjika nyonga. Mchana husinzia na kusahau, na watu wa nyumbani husema ni uzee tu. Orodha ya daktari Mmarekani Mark Beers, iliyotoka 1991 na kuhuishwa mara kadhaa, hushauri wazee waepushwe na dawa za kundi la diazepamu. Inataja pia promethazini na klorofeniramini, yaani Piriton ya kila duka la dawa, ambazo hukausha kinywa, huzuia mkojo na huweza kumchanganya mzee akili.

Kwa wajawazito, somo kuu liliachwa na thalidomidi. Iliuzwa Ujerumani Magharibi kuanzia 1957 kama dawa ya usingizi isiyo na madhara, hata bila cheti cha daktari, na wajawazito wakaimeza kuzuia kichefuchefu. Ilipoondolewa sokoni huko Novemba 1961, maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa na mikono au miguu mifupi mno.

Diazepamu haijaleta balaa la namna hiyo, ila hupita kwenye kondo la nyuma. Mama akiitumia sana karibu na kujifungua, mtoto huweza kuzaliwa mlegevu, mwili wa baridi, hana nguvu ya kunyonya. Wengine hutetemeka na kulia siku zinazofuata. Dawa huingia pia katika maziwa ya mama. Ini la kichanga bado halijakomaa, hivyo dawa hujilimbikiza: mtoto hulala ziwa likiwa mdomoni na uzito hauongezeki. Dozi moja ya hospitalini haina hatari hiyo. Tatizo ni dozi ya kila siku. Palipo na ulazima, madaktari hupendelea lorazepamu, inayotoka mapema zaidi.

Aliyeizoea diazepamu kwa wiki kadhaa haachi ghafla, awe bibi au mjamzito, kwani degedege huweza kumpata. Daktari hupunguza dozi kidogo kidogo, pengine kwa miezi.