CBAP si cheti cha kutafutia kazi ya kwanza

Kila baada ya mahafali ya vyuo swali lile lile linarudi: "Mwalimu, nimemaliza shahada yangu, nataka kuwa mchambuzi wa biashara. Nifanye CBAP kwanza ndipo niombe kazi?" Nalijibu hapa kwa maandishi ili muulizaji anayefuata aelekezwe moja kwa moja: huwezi kuifanya. Hata ukiwa na ada mkononi, hutaruhusiwa kukaa kwenye mtihani.

IIBA, taasisi ya wachambuzi wa biashara inayotoa CBAP, iliyoanzishwa Toronto mwaka 2003, inadai saa 7,500 za kazi ya uchambuzi ndani ya miaka 10 iliyopita. Tena zisiwe za upande mmoja tu: katika maeneo 6 ya taaluma, angalau manne yawe na saa 900 kila moja. Piga hesabu. Anayefanya kazi saa 40 kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka, anapata saa 1,920. Basi anahitaji karibu miaka minne ya uchambuzi mtupu, na ofisini kwetu ni nani anayefanya uchambuzi mtupu? Wengi nusu ya wiki yao inamezwa na mikutano ya idara na kazi za bosi. Kwao ni miaka saba au minane.

Najua imani kwamba cheti hutangulia kazi inakotoka. Tumelelewa na CPA, cheti cha wahasibu. Nchini Tanzania sheria imeipa bodi ya NBAA mamlaka ya kusajili wahasibu na wakaguzi. Bila usajili huo huwezi kusaini ripoti ya ukaguzi wa hesabu. Kenya ipo ICPAK kwa wahasibu wake. Kijana akitazama hayo anaamini kila taaluma ina karatasi yake ya kufungulia geti. Uchambuzi wa biashara hauna. Si Dar es Salaam, si Nairobi, si London: hakuna sheria inayokuzuia kuufanya bila cheti, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna mwajiri anayebanwa kukuchukua kwa kuwa unacho.

Penye imani hiyo wachuuzi wamejaa. Wanauza kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram mafaili ya maswali "yaliyovuja", na wengine wanamfundisha mtu namna ya kujaza saa ambazo hajawahi kuzifanya. Hili linanikera kuliko yote, maana anayelipa ni yule asiye na kipato. Mtihani wa CBAP una maswali 120 kwa saa tatu na nusu, na mengi yanakupa kisa cha kampuni na kukutaka uamue hatua inayofuata. Aliyekariri majibu hana pa kushika kisa kikibadilika. Kuhusu saa za kubuni, taasisi huchagua baadhi ya maombi na kuyakagua. Na tuseme umepita kote huko. Siku ya usaili utafanyaje?

Msaili atakuuliza hivi. Meneja wa SACCOS anataka programu ya simu kwa sababu wanachama wanalalamika mikopo inachelewa. Unaanzia wapi? Aliyekariri ataanza kuorodhesha vitufe vya programu. Mchambuzi ataomba kufuata fomu moja ya mkopo, meza kwa meza, tangu inapopokelewa hadi fedha inapotoka. Huenda akakuta fomu inashughulikiwa siku mbili tu, kisha inalala wiki tatu ikisubiri kamati ya mikopo inayokutana mara moja kwa mwezi. Programu ya mamilioni ingefikisha maombi kwa kasi kwenye foleni ile ile. Kumweleza hayo meneja aliyekwisha kuahidi programu kwenye mkutano mkuu, bila kumvunjia heshima mbele ya bodi yake, ndiyo kazi yenyewe. Haikaririwi.

Sidharau vyeti. Kwa mwenye miaka ya kazi, CBAP inampangia alichojifunza vipande vipande, inamsaidia zabuni ya ushauri inapodai sifa zinazothibitika, na inatambulika akivuka mipaka.

Sasa ufanye nini? Huna uzoefu: ECBA, cheti cha IIBA cha wanaoanza, haidai saa zozote za kazi, lakini tangulia kutafuta kazi kwenye dawati la huduma, tawi la benki, bohari, popote mchakato unapoonekana kwa macho. Jifunze SQL ya kuchota data na uchoraji wa michakato kwa alama za BPMN. Vyote vinajifunzika bure. Umefikisha saa 3,750 ndani ya miaka 7: CCBA, cheti cha IIBA cha ngazi ya kati. Unasimamia miradi na unaijua PMI, taasisi ya usimamizi wa miradi: wana cheti chao cha uchambuzi, PMI-PBA, tangu 2014. Unaelekea Uingereza: tazama diploma ya uchambuzi wa biashara ya BCS, taasisi ya kompyuta ya huko, ambayo huhitimishwa kwa mtihani wa mdomo, na hapo hakuna faili la kununua. Mwajiri ana bajeti ya mafunzo: mwombe alipe, na mkumbushe kwamba CBAP na CCBA huhuishwa kila miaka 3, ili bajeti izingatie na hilo. Na yeyote uliye kazini leo, fungua daftari la saa zako sasa hivi: mradi, tarehe, kazi uliyofanya, aliyekusimamia na namba yake. Fomu itakudai hayo yote, na msimamizi wa miaka minane iliyopita huenda ameshahama na kubadili simu.