Kuacha pombe: Watu wawili watosha kuanzisha kikao

MKAZI wa Kikoneni, Kaunti ya Kwale, anayetaka kuachana na mnazi au chang'aa asikate tamaa kwa kukosa nauli ya kwenda mjini kutafuta mikutano ya wanaosaidiana kuacha pombe.

Chama cha Alcoholics Anonymous kilianza Akron, Marekani, mwaka wa 1935, kwa walevi wawili waliosaidiana kuacha: Bill Wilson na daktari Bob Smith. Hadi leo, kanuni zake zasema watu wawili au watatu wakikutana kwa nia hiyo, hao ni kundi kamili.

Sharti la kujiunga ni moja tu: nia ya kuacha kunywa. Hakuna ada wala orodha ya wanachama, na mgeni halazimishwi kusema. Mikutano ya wazi hukaribisha hata jamaa. Ya faragha ni ya wenye tatizo pekee. Yasemwayo humo hayatolewi nje. Kijijini, ambako kila mtu amjua mwenzake, siri hiyo ikivunjwa kikao hufa.

Anayetafuta ushauri aweza kuipigia NACADA bila malipo kwa nambari 1192.

Hata hivyo, aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake. Aweza kutetemeka, kuweweseka, kushikwa na degedege, hata kufariki. Amwone kwanza mhudumu wa afya Kikoneni, au aende hospitali ya Msambweni. Wenzake watamngojea.